Mfupa umeunga, mwenye mguu je?

Chukua wagonjwa wawili ambao wangeweza kukaa benchi moja katika kliniki ya upasuaji ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo. Nimewatunga wote wawili, ila aliyewahi kusubiri kuitwa pale hatapata taabu kuwatambua. Wa kwanza ni kijana wa bodaboda wa Makorora, aliyevunjika mfupa wa muundi miezi sita iliyopita. Wa pili ni mvuvi wa Sahare, mtu mzima, aliyepasuliwa busha miezi mitatu nyuma. Eksirei ya kijana ni safi: mfupa umeunga, umenyooka, hakuna usaha. Kovu la mvuvi limekauka na maji hayajarudi. Katika majalada yao daktari ameandika maneno yale yale: anaendelea vizuri.

Waulize wenyewe sasa. Kijana hajarudi barabarani. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, na tajiri kampa mtu mwingine. Akisikia honi ya lori nyuma yake moyo unamwenda mbio, na mguu humuuma kila akisimama kitambo. Mvuvi naye ana goti bovu la siku nyingi ambalo upasuaji haukuligusa. Anachechemea, lakini anakwambia ana raha ambayo alikuwa ameshaisahau: amerudi kuvaa kikoi, anakwenda harusini, anapanda baiskeli, na nyumbani mambo yametulia. Ukiwatazama kwa macho tu, ungeapa kwamba kijana ndiye mzima kati ya hao wawili.

Pengo hilo kati ya jalada na kauli ya mgonjwa ndilo linaloshughulikiwa na watu wanaopima ubora wa maisha. Kazi yao imezaa madodoso mengi mno, na namba zinazotoka humo hutumika kuamua mambo mazito: upasuaji upi unafaa, dawa ipi ilipiwe na bima, hospitali ipi inafanya kazi vizuri. Na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana namba moja inayoitwa "ubora wa maisha" huwa imebeba vitu vitatu vilivyorundikwa pamoja. Kuna alichosema mgonjwa. Kuna uzito ambao watu wengine wameupa usemi wake. Na kuna miaka ambayo uzito huo umezidishwa nayo. Kwa maoni yangu cha kwanza tunakihitaji sana hospitalini kwetu na hatukitumii inavyostahili. Cha pili kinahitaji kutazamwa kwa jicho la mashaka. Cha tatu ni chombo cha wapanga bajeti, na hakina kazi chumbani kwa daktari.

Daktari akiwa ndiye msemaji

Zamani mgonjwa hakuulizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, David Karnofsky na Joseph Burchenal wa Marekani walitengeneza kipimo cha wagonjwa wa saratani kinachoanzia 100, yaani mtu asiye na malalamiko, na kushuka kwa makumi mpaka 0, yaani maiti. Anayehitaji kusaidiwa sana na kuhudumiwa kitabibu mara kwa mara alipewa 50. Aliyekuwa anaweka alama ni daktari. Mwaka 1975 watafiti wa jiji la Glasgow, Scotland, wakatoa kipimo kingine cha walioumia kichwa, chenye ngazi tano kuanzia kifo hadi kupona vizuri, na huko pia mwamuzi alikuwa mtaalamu. Vyote viwili vinatumika hadi leo kwa sababu ni vyepesi: dakika moja, kalamu moja, basi.

Tatizo ni kwamba daktari anaona kinachoonekana. Anaona mtu anatembea au hatembei. Haoni kwamba mtu huyo hutembea mpaka mlangoni tu kwa kuogopa, wala kwamba usingizi umemtoka. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1980 watafiti walianza kumgeuzia swali mwenye mwili wake.

Dodoso lililoenea kuliko mengi linaitwa EQ-5D. Lilianzishwa na kundi la watafiti wa Ulaya lililokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1987, na linauliza mambo matano tu: kutembea, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, shughuli za kila siku, maumivu au usumbufu wa mwili, na wasiwasi au huzuni. Kila jambo lina majibu ya ngazi. Toleo la kwanza lilikuwa na ngazi tatu, la baadaye lina tano, kuanzia "sina tatizo" hadi "siwezi kabisa" au "kwa kiwango kikubwa mno". Mwishoni kuna mstari mrefu wa 0 hadi 100, na mgonjwa anaonyesha mahali ilipo afya yake leo. Leo hasa, si mwezi huu wala kwa kawaida.

Majibu huandikwa kama tarakimu tano zinazofuatana. Asiye na tatizo lolote ni 11111. Kijana wetu wa Makorora anaweza kutoka na 21424: kutembea kuna tatizo kidogo, kujihudumia hakuna, shughuli za kila siku zimezorota sana, maumivu kidogo, wasiwasi mwingi. Toleo la ngazi tano linaweza kutoa picha 3,125 za namna hii. Lile la ngazi tatu lilikuwa na picha 243. Hapo tayari tumepata kitu ambacho eksirei haikutupa. Zile 4 mbili zinasema mguu si tatizo lake kubwa tena. Kazi na hofu ndizo zinazomla. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye na njia ya kurudi kazini kuliko anavyohitaji picha nyingine ya mfupa.

Angalia kwamba mpaka hapa hakuna hesabu iliyofanyika. Ni majibu matano ya mtu mmoja yaliyoandikwa kwa kifupi. Ningependa wengi waishie hapa kwanza.

Aibu haina mstari wake

Sasa mpe mvuvi dodoso hilo hilo. Kabla ya upasuaji anaweza kupata 21222, na baada yake 21121. Goti linaendelea kumpa ile 2 ya kwanza, maumivu ya siku nyingi hayajamtoka, shughuli zimerudi sawa, wasiwasi umeondoka. Kwa karatasi, mabadiliko ni madogo, na mtu wa mipango akiona hivyo anaweza kusema upasuaji wa busha haubadilishi maisha sana. Mwambie hivyo mvuvi uone atakavyokutazama.

Kasoro ni ya dodoso. Halimuulizi kuhusu aibu, mavazi, unyumba, wala watoto waliomwimba njiani. Busha ni ugonjwa ambao uzito wake mkubwa umo humo.

Sisi wa pwani ya Tanga tunaujua. Matende na mabusha husababishwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu, na vijiji vya mkoa huu vimechunguzwa kwa miongo mingi na watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walio Tanga mjini na Amani, wilayani Muheza. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ulianza mwaka 2000, na ugawaji wa dawa za ivermectin na albendazole kwa wananchi wote ukafika mkoani Tanga mwaka 2004. Dawa hizo huua vimelea vichanga vilivyo katika damu, hivyo mbu hukosa cha kubeba. Haziondoi maji yaliyokwisha kujaa. Busha likishakuwa kubwa tiba yake ni kisu. Kwa hiyo mtu aliyemeza dawa kila mwaka bila kukosa bado anaweza kuwa na busha, na takwimu za maambukizi zikashuka vizuri kabisa huku maisha yake yakibaki pale pale. Ni mfano mzuri wa kwa nini kuhesabu vimelea hakutoshi.

Kwa hali kama hizi kuna madodoso ya ugonjwa mmoja mmoja. La magonjwa ya ngozi lililotengenezwa Cardiff mwaka 1994, ambalo limewahi kutumika kwa wenye matende, lina maswali 10 kuhusu juma lililopita, na miongoni mwake ni haya: umeona aibu kiasi gani, ngozi imeathiri vipi nguo unazochagua kuvaa, imeleta matatizo ya unyumba? Hayo ndiyo maswali ya busha pia, ukibadilisha kiungo. Huko Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata wanaume kabla na baada ya kupasuliwa mabusha kwa maswali yanayolingana na ugonjwa wenyewe, na ubora wa maisha yao ulionekana kupanda waziwazi.

Basi kwa nini watu hawatumii la ugonjwa peke yake? Kwa sababu haliwezi kulinganisha. Ukitaka kujua kama fedha za chumba cha upasuaji ziende kwenye mabusha au kwenye mifupa, huna namna ya kuweka alama za aibu ya busha kando ya alama za mguu uliovunjika; zinahitaji kupitia maswali ya pamoja. Wanaofanya utafiti kwa makini hutumia yote mawili, la jumla na la ugonjwa, na kwa mgonjwa aliyechoka kusubiri hilo ni maswali mengi.

Hapa niseme kitu kidogo kinachowaponza hata wasomi: si kila kipimo kinapanda kuelekea kwenye uzuri. Lile la ngozi linakwenda 0 hadi 30 na namba kubwa ni balaa. Dodoso la SF-36 linakwenda 0 hadi 100 na namba kubwa ni heri. Kipimo cha goti cha Oxford, chenye maswali 12, kilianza kikihesabiwa 12 hadi 60, kubwa ikiwa mbaya, kisha kikageuzwa kuwa 0 hadi 48, kubwa ikiwa nzuri. Ukisoma "mgonjwa alipata 20" bila kuambiwa mwelekeo, hujaambiwa kitu.

Mchezo wa gofu na ndoo ya maji

Hiyo SF-36 niliyoitaja ina historia ya Kiswahili. Ni dodoso la Marekani lenye maswali 36 yanayogawanyika katika maeneo manane, na mwishoni mwa miaka ya 1990 lilitafsiriwa na kujaribiwa Dar es Salaam. Matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Kazi hiyo haikuwa ya kukaa na kamusi. Dodoso la asili, likitaka kujua kama mtu anamudu shughuli za wastani, linatoa mifano ya kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, na kucheza gofu. Linauliza pia kuhusu kupanda ngazi za ghorofa na kutembea maili nzima.

Fikiria swali la ngazi kwa bibi wa Ngamiani ambaye nyumba yake, ya jirani zake, msikiti na soko vyote viko chini. Atajibu kwamba hana tatizo na ngazi, na atakuwa mkweli kwa sababu hana mahali pa kuzipanda. Goti lake linamtesa kwingine: kuchuchumaa chooni, kukaa mkekani msibani, kuinuka kutoka sijida, kushuka kwenye daladala kabla halijasimama sawasawa. Kwa mtu wa Tanga ningeongeza baiskeli bila kufikiri mara mbili. Katika mji huu mtu aliyeacha baiskeli ameacha mengi. Kwa mvuvi wa Bagamoyo au Pangani ungeuliza kuhusu kuingia majini na kusukuma mtumbwi.

Ila kila unapobadilisha swali, unakata kamba inayokufunga na wengine waliolitumia. Ukiweka ndoo ya maji mahali pa gofu lazima uhakikishe kwamba ndoo ina ugumu uleule kwa watu wako kama gofu kwa wale, na hilo hujaribiwa kwa kuwauliza watu wengi, kutafsiri kwenda na kurudi, na kukaa na wagonjwa wachache ukiwauliza walielewa nini. Wengi huruka hatua hiyo ya mwisho. Ndiyo yenye faida kuliko zote, na gharama yake ni muda na chai tu.

Halafu kuna suala la anayeuliza. Dodoso kama hizi ziliandikwa ili mtu ajaze mwenyewe faraghani. Kwetu mara nyingi nesi anasoma kwa sauti, wodi imejaa, binti wa mgonjwa yuko pembeni ameshika chupa ya uji. Mzee wa pwani akiulizwa "unaendeleaje?" atasema "alhamdulillahi, sijambo" hata kama usiku mzima hakulala, kwa kuwa kulalamika mbele ya aliyekuhudumia ni utovu wa adabu. Mwulizaji akiwa ni mpasuaji mwenyewe, majibu huwa mazuri kupita kiasi. Mwenye kuuliza awe mtu mwingine, pembeni, na aulize jambo mahususi: "shikamoo mzee, jana chooni uliinuka mwenyewe?"

Na mgonjwa asipoweza kujibu, mathalani aliyepata kiharusi, ndugu hujibu badala yake. Ndugu ni shahidi mzuri wa mambo yanayoonekana kama kutembea na kula. Kwa maumivu na huzuni ni shahidi dhaifu, na mara nyingi humwona mgonjwa ana hali mbaya kuliko mwenyewe anavyojiona.

Lini uulize

Mfano bora ninaoujua wa umuhimu wa wakati unatoka nchini kwetu. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ulifanyika utafiti wa wagonjwa waliovunjika muundi na mfupa kutokeza nje. Kwa bahati nasibu, kundi moja liliwekewa chuma ndani ya mfupa na jingine likafungwa vyuma vya nje, vile vya pini zinazotoboa ngozi. Walioandikishwa walikuwa 240, na 221 walirudi kuangaliwa baada ya mwaka. Idadi hiyo ya waliorudi ni ya kujivunia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Kwa kipimo kikuu, yaani kifo au kurudishwa chumba cha upasuaji kwa usaha, mfupa kukataa kuunga au kupinda, hapakuonekana tofauti ya wazi kati ya makundi. Mifupa ya waliowekewa chuma cha ndani ilikuwa imenyooka zaidi. EQ-5D nayo ikatoa hadithi yake: wiki ya sita wenye chuma cha ndani walikuwa na maisha bora kuliko wa vyuma vya nje, na baada ya mwaka tofauti hiyo ilikuwa imeyeyuka.

Unalisomaje jambo hilo? Aliyeuliza mara moja tu, mwishoni mwa mwaka, angesema njia zote mbili ni sawa. Kwa mtu wa mshahara huenda ni kweli. Kwa kijana anayekula alichopata siku hiyo, wiki za mwanzo ndizo zinazoamua kama atauza kitanda, kama mtoto atatolewa shule, kama tajiri atampa pikipiki mwingine. Namba ya mwaka mmoja haioni hayo. Ndiyo maana watafiti makini huuliza mara kadhaa, na msomaji makini hutazama safari yote badala ya kituo cha mwisho.

Wasiorudi ni shida ya peke yake. Kutoka ndani kabisa ya Handeni au Kilindi mpaka Bombo ni nauli ya kweli. Asiyerudi pengine amepona na yuko shambani, pengine amekwenda kwa muunga mifupa wa kienyeji, pengine amefariki. Kliniki inayopima waliorudi tu inaweza kujisifu kwa wagonjwa iliobahatika kuwaona.

Kuna pia mwanzo wa safari. Mwenye busha unaweza kumuuliza kabla ya kisu, kisha baada ya hapo. Unapata kabla na baada. Mwenye ajali anafika akiwa ameshavunjika. Hali yake ya juzi utaipata kwa kumkumbusha, na kumbukumbu ya mtu aliyelala na mguu umening'inizwa huipamba jana. Tiba ikimrudisha pale alipokuwa kweli, bado ataona hajafika.

Mtu anapohamisha mizani

Nirudi kwa goti la mvuvi. Kwa nini anasema raha ilhali anachechemea?

Mwaka 1999 watafiti wawili, Gary Albrecht na Patrick Devlieger, waliandika kuhusu watu wenye ulemavu mkubwa ambao, kinyume na matarajio ya wanaowatazama, wengi wao walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Mwaka huo huo Mirjam Sprangers na Carolyn Schwartz walieleza kwa upana jambo linalosababisha hali kama hiyo: mtu akikaa na ugonjwa, kipimo chake cha ndani hubadilika. Maumivu aliyoyaita makali mwaka jana leo anayaita ya kawaida, kwa sababu amejua makali ni nini. Yaliyokuwa muhimu, kama kubeba mzigo, yanapisha mengine, kama kukaa na wajukuu. Na maana yenyewe ya "maisha mazuri" inaweza kugeuka.

Kwa mpimaji hii ni balaa. Kama mgonjwa alisema 60 kabla na 60 baada, je, hakuna kilichobadilika, au mwili ulishuka na mizani ikashuka nao? Mbinu mojawapo ni kumuuliza baada ya tiba: "ukitazama nyuma sasa, wakati ule ulikuwa kwenye ngapi kweli?" Wengine hupinga, wakisema unapima kumbukumbu. Mimi naona wanaolichukulia jambo hili kama kasoro ya kurekebishwa wanakosea nusu. Kuzoea ni sehemu ya kupona. Mtaalamu wa fiziotherapia anayemfundisha mtu kuishi na mguu mfupi anafanya kazi hiyo hasa, ya kuhamisha mizani. Hatari iko upande mwingine: wenye mamlaka wakisema "mbona wamezoea, hawalalamiki", kisha wakafuta huduma. Mtu aliyezoea choo ambacho hawezi kuchuchumaa bado anastahili choo cha kukaa.

Kuna swali dogo linalosaidia hapa: badiliko la kiasi gani mgonjwa mwenyewe analiona kuwa la maana? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakilitafuta kwa kila kipimo. Kwa kile cha goti cha Oxford hutajwa pointi kama 5 kati ya 48. Ukipima watu elfu kumi, hata nusu pointi itaonekana kuwa tofauti halali kitakwimu, ila hakuna mtu hata mmoja kati yao aliyeihisi gotini.

Kitanda usichokilalia

Sasa tabaka la pili kati ya yale matatu, yaani uzito ambao wengine wanaupa usemi wa mgonjwa. Mtu wa bajeti hawezi kufanya kazi na 21424. Anataka namba moja, 1 ikiwa afya kamili na 0 ikiwa kifo. Nani anasema 21424 ni sawa na ngapi? Si kijana wa Makorora. Kwa kawaida wanaulizwa wananchi wa kawaida, wengi wao wazima: fikiri utaishi miaka 10 katika hali hii, kisha ufe. Je, ungekubali kuishi michache zaidi ila ukiwa mzima kabisa? Ukikubali kutoa miwili, ubaki na minane, hali hiyo imepewa 0.8. Ukitoa mitano, ni 0.5.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa kitanda kinapimwa na wapita njia. Watetezi wa njia hii wana hoja: fedha ni za walipa kodi wote, basi thamani iwe ya wote. Ni hoja nzito. Lakini tumekwisha kuona kwamba aliye nje huogopa ulemavu kuliko aliye ndani. Katika orodha ya Uingereza ya toleo la ngazi tatu, hali mbaya kuliko zote, 33333, ilipata -0.594, yaani umma ulihesabu kwamba ni mbaya kuliko kufa. Wapo watu wanaoishi humo.

Na thamani hazisafiri vizuri. Zimbabwe ilitengeneza orodha yake mwaka 2003, Ethiopia ikachapisha yake mwaka 2020, na zinapishana na za Ulaya. Unaweza kukisia sababu: "kutoweza kujihudumia" katika nyumba yenye watoto na wakwe si sawa na katika chumba cha mtu anayeishi peke yake. Jaribu pia kumuuliza mzee wa Tanga angetoa miaka mingapi ya umri wake. Wafanyao kazi hii wanawafahamu vizuri watu wasiokubali kubadilisha hata siku moja, kwa sababu umri si mali yao kuuza. Kimahesabu mtu huyo ameipa kila hali 1, yaani afya kamili. Hakusema hivyo kabisa.

Tabaka la tatu ni kuzidisha. Hapa namba ni za mfano tu: mvuvi ametoka 0.75 kwenda 0.85 na amebakiza miaka 20, kwa hiyo amepata 0.1 mara 20, miaka 2 ya ubora kamili. Kijana akisaidiwa kutoka 0.6 kwenda 0.8 kwa miaka 40, ni miaka 8. Hesabu hii huitwa QALY. Huko Uingereza, taasisi inayoshauri huduma ya afya ya taifa dawa zipi zilipiwe ilitumia kwa miaka mingi kizingiti cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila QALY moja. Umeona kilichotokea: hata kama nafuu ya kila mwaka ingekuwa sawa kwa wote wawili, mvuvi angepata kidogo kwa sababu tu ni mzee.

Ndugu yake QALY ni DALY, iliyotangazwa na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993, ambayo huhesabu kilichopotea badala ya kilichopatikana. Kwake 0 ni afya na 1 ni kifo. Uzito wake wa mwanzo uliwekwa na wataalamu. Ulipopimwa upya na kuchapishwa mwaka 2012, waliulizwa wananchi wa nchi tano, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo sauti yetu imo humo, hata kama wachache wanajua.

Haya yatatuhusu zaidi kadiri Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inavyotekelezwa, maana kila kitita cha bima ni orodha ya yaliyomo na yaliyoachwa. Atakayeleta QALY mezani aulizwe maswali matatu: wagonjwa gani walijibu, uzito ni wa nchi gani, na miaka umeikadiriaje.

Kwa wodi ya kawaida yote hayo ya mwisho ni ya mbali. Inachohitaji ni karatasi moja. EQ-5D ipo kwa Kiswahili, na matumizi yake huombewa kibali kwa wenyewe. Iulizwe kabla ya upasuaji, wiki ya sita, mwezi wa sita na mwaka. Kwa wa mbali, kwa simu. Chini yake yaongezwe maswali machache ya kwetu, yasiyochanganywa katika alama: umerudi kazini, unachuchumaa, unasujudu, unapanda baiskeli, kuna nguo uliyoacha kuvaa. Majibu yabaki yalivyo, tarakimu tano na sentensi fupi, jaladani, karibu na eksirei, mahali ambapo daktari anayefuata atayaona kabla hajaandika "anaendelea vizuri". Na ile 4 ya mwisho ya kijana wa Makorora ikionekana wiki ya sita, kuna miezi minne na nusu ya kuifanyia kazi kabla haijafika mwezi wa sita.